Gari Binafsi au Usafiri wa Umma: Hesabu Kamili Kabla ya Mfanyakazi Kuamua

Alfajiri ya kila siku ya kazi, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam hubeba makundi mawili ya wasafiri wanaoelekea mahali pamoja. Wapo wanaosubiri mabasi yaendayo haraka katika kituo cha Kimara, na wapo wanaoendesha magari yao wenyewe katika njia za pembeni. Wengi wa kundi la kwanza hutamani siku moja kuingia katika kundi la pili, na baadhi yao huchukua mkopo ili kutimiza azma hiyo.

Uamuzi wa kununua gari kwa ajili ya kwenda kazini ni miongoni mwa matumizi makubwa ambayo familia ya mfanyakazi hufanya, baada ya kujenga au kununua nyumba. Hata hivyo, mara nyingi hufanywa kwa kulinganisha mambo mawili tu: bei ya mafuta na nauli ya basi. Ulinganisho huo una upungufu, kwa kuwa mafuta ni sehemu tu ya gharama ya gari, na nauli ni sehemu tu ya gharama ya kusafiri kwa basi. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hesabu kamili, mazingira ambayo gari lina faida ya kweli, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyapima kabla ya kuamua.

Jiji na njia zake

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728, kati ya Watanzania 61,741,120. Sehemu kubwa ya ofisi na biashara imejikusanya katikati ya jiji, hususan Posta na Kariakoo, ilhali makazi yameenea hadi Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na Kigamboni. Kwa sababu hiyo, asubuhi watu huelekea upande mmoja kupitia barabara chache kuu, na jioni hurejea kwa barabara hizo hizo.

Usafiri wa umma wa jiji hilo umepitia hatua kadhaa. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) lilianzishwa mwaka 1974. Mahitaji yalipozidi uwezo wa shirika hilo, mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kutoa huduma, na ndipo daladala zilipoenea. Mwezi Mei 2016 ilianza Awamu ya Kwanza ya mabasi yaendayo haraka, yanayojulikana zaidi kwa jina la mwendokasi, katika njia inayounganisha Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco. Mradi huo, unaosimamiwa na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART), uliiwezesha Dar es Salaam kutunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Ujenzi uliendelea katika awamu nyingine, zikiwemo za Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala na Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto.

Mambo haya yana uzito katika uamuzi wa mtu mmoja mmoja. Mkazi wa Kimara anayefanya kazi Posta na mkazi wa Goba anayefanya kazi Mikocheni hawana chaguo linalofanana, hata kama mishahara yao ni sawa.

Gharama ambazo hazionekani kituoni

Mmiliki wa gari huona waziwazi fedha anazolipa katika kituo cha mafuta. Gharama nyingine humfikia kwa vipindi, na kwa kuwa hazilipwi kila siku, ni rahisi kuzisahau wakati wa kupanga.

Ya kwanza ni kushuka kwa thamani. Gari linalonunuliwa leo halitauzwa kwa bei hiyo hiyo baada ya miaka mitano. Tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza ni gharama halisi, ingawa hakuna anayeidai kila mwezi. Kwa magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka nje, bei ya kununua hujumuisha pia kodi na ushuru, na kiwango chake hutegemea mambo kama ujazo wa injini na umri wa gari. Mnunuzi anayeangalia bei ya mtandaoni pekee hujikuta akihitaji fedha nyingi zaidi gari linapofika bandarini.

Ya pili ni bima. Sheria inamtaka kila mwenye gari kuwa na bima inayolinda watu wengine, maarufu kama bima ndogo. Bima hiyo huwalipa wengine wanaodhurika, lakini haimlipi mmiliki kwa uharibifu wa gari lake. Anayetaka kulindwa dhidi ya ajali, moto na wizi hulazimika kukata bima kubwa, ambayo ada yake huongezeka kadiri thamani ya gari inavyokuwa kubwa.

Ya tatu ni matengenezo: kubadilisha oili na vichujio, matairi, betri, breki, pamoja na malipo ya fundi. Mwendo wa kusimama na kuondoka katika msongamano huchosha breki na hutumia mafuta mengi zaidi kuliko mwendo wa barabara kuu isiyo na foleni.

Ya nne ni maegesho, na kwa wengine tozo za barabarani. Mkazi wa Kigamboni anayevuka kwa gari kupitia Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, au kwa kivuko, huingiza malipo hayo katika bajeti yake ya kila mwezi.

Mafuta yenyewe hayana bei ya kudumu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei hizo hufuata mwenendo wa soko la dunia. Aidha, tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Mabadiliko hayo yalimwondolea mmiliki malipo ya mara moja kwa mwaka, lakini maana yake ni kwamba anayeendesha zaidi huchangia zaidi kila anapojaza tangi.

Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao umewekwa kwa ajili ya kueleza njia ya kukokotoa. Bei zilizotumika ni za kukadiria, na kila msomaji anapaswa kuweka zake.

Mfanyakazi anaishi Kimara na kazi yake ipo Posta, umbali wa takribani kilomita 16. Kwa siku husafiri kilomita 32, na kwa mwezi hufanya kazi siku 22. Anafikiria kununua gari dogo kwa shilingi 15,000,000, alitumie kwa miaka mitano, kisha aliuze kwa shilingi 8,000,000. Kushuka kwa thamani ni shilingi 7,000,000, sawa na takribani shilingi 116,700 kwa mwezi.

Ikiwa gari hilo hutembea kilomita 10 kwa lita moja katika foleni, atahitaji lita 70.4 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, mafuta yatamgharimu shilingi 211,200. Bima kubwa ya shilingi 500,000 kwa mwaka ni takribani shilingi 41,700 kwa mwezi. Matengenezo na vipuri vya shilingi 900,000 kwa mwaka ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Maegesho ya shilingi 2,000 kwa siku ni shilingi 44,000. Jumla inafikia takribani shilingi 488,600 kwa mwezi.

Kwa upande wa usafiri wa umma, tuseme mfanyakazi huyo hutumia shilingi 1,500 kwa kila safari, ikijumuisha nauli ya basi na usafiri wa kumtoa nyumbani hadi kituoni. Kwa siku atatumia shilingi 3,000, na kwa mwezi shilingi 66,000. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni takribani shilingi 422,600 kila mwezi, sawa na zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa familia nyingi, kiasi hicho kinaweza kuwa ada ya shule ya watoto au sehemu kubwa ya ujenzi wa nyumba.

Endapo gari limenunuliwa kwa mkopo, riba nayo huongezwa. Mkopo hubadili pia hali ya hatari: marejesho hukatwa kwenye mshahara kila mwezi, hata pale gari linapokuwa gereji na mmiliki wake amerudi kupanda basi.

Iwapo gari tayari lipo

Wapo wanaouliza kama hesabu hiyo inamhusu mtu ambaye tayari anamiliki gari. Kwake yeye, fedha ya kununulia imekwisha kutumika na bima imelipwa, iwe analiendesha au analiacha nyumbani. Kinachopaswa kulinganishwa na nauli ni gharama inayoongezeka kwa kuendesha: mafuta, maegesho na sehemu ya matengenezo. Katika mfano uliotolewa, mafuta ni shilingi 211,200, maegesho shilingi 44,000, na nusu ya matengenezo shilingi 37,500. Jumla ni shilingi 292,700, kiasi kinachozidi mara nne nauli ya mwezi.

Hali hubadilika gari linapobeba watu zaidi ya mmoja. Nauli za watu wanne kwa mwezi, kwa bei za mfano huo, ni shilingi 264,000, kiasi kinachozidi kidogo mafuta na maegesho. Mume, mke na watoto wawili wanaoelekea upande mmoja wana sababu nzuri zaidi ya kutumia gari kuliko dereva anayesafiri peke yake. Hata hivyo, bado nauli hizo hazifikii gharama yote ya shilingi 488,600.

Wafanyakazi wa ofisi moja wanaoishi jirani wanaweza kupeana zamu za kutumia magari yao na kuchangiana mafuta. Lakini kuna mpaka wa kuzingatia. Gari la namba za manjano limesajiliwa kwa matumizi binafsi. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na bima ya matumizi binafsi haikukusudiwa kwa kazi hiyo. Ajali ikitokea katika mazingira hayo, mmiliki anaweza kujikuta akibeba hasara peke yake.

Thamani ya muda

Fedha si kipimo pekee. Mtu anayetumia saa mbili kila upande hupoteza muda wa kupumzika na wa kuwa na familia. Ndiyo maana wengi husema gari linaokoa muda, na kauli hiyo inafaa kupimwa kwa saa.

Tuseme gari linamwokolea mfanyakazi wa Kimara nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Kwa siku 22, ataokoa saa 22 kwa mwezi. Tofauti ya shilingi 422,600 ikigawanywa kwa saa hizo, kila saa iliyookolewa imemgharimu takribani shilingi 19,200. Swali linalofuata ni lake mwenyewe: je, saa hiyo ina thamani hiyo kwake? Kwa mtaalamu anayelipwa kwa saa, au mfanyabiashara ambaye kuchelewa humpotezea wateja, jibu linaweza kuwa ndiyo. Kwa mwenye kipato cha kawaida, mara nyingi jibu ni hapana.

Ni muhimu pia kuthibitisha kama muda huo huokolewa kweli. Katika njia za mwendokasi, basi hupita katika barabara yake ilhali gari binafsi husubiri katika msongamano. Hapo gari linaweza kuchelewa zaidi kuliko basi. Katika barabara zisizo na njia maalumu, daladala na gari binafsi hukaa katika foleni moja. Dereva wa gari hufika kwa muda unaokaribiana na wa daladala, lakini ameketi, hakusubiri kituoni na hakubadilisha usafiri njiani.

Jambo lenye uzito kuliko muda wa wastani ni uhakika. Mfanyakazi anayepaswa kuripoti saa 1:30 asubuhi hupanga ratiba yake kwa kuifikiria siku mbaya. Ikiwa siku nyingi basi hufika ndani ya dakika 10, lakini mara moja kwa wiki huchukua dakika 50, atalazimika kuondoka nyumbani mapema kila siku. Upungufu wa mabasi katika saa za asubuhi na jioni, pamoja na mafuriko ya Bonde la Msimbazi ambayo yamewahi kuifunga barabara eneo la Jangwani, yamekuwa chanzo cha hali hiyo. Wengi wanaonunua gari wanatafuta uhakika huo kuliko starehe, na haja yao ni ya msingi.

Wanaohitaji gari zaidi

Wapo watumishi ambao hesabu ya fedha haiwezi kuwa kigezo kikuu kwao. Muuguzi anayemaliza zamu usiku wa manane, wakati mabasi yamepungua, anahitaji njia salama ya kurudi nyumbani. Mtu mwenye ulemavu wa viungo anaweza kushindwa kuhimili msongamano wa daladala. Fundi anayebeba vifaa vizito, mtumishi anayetembelea vituo vingi kwa siku moja, na mzazi anayempeleka mtoto mgonjwa kliniki mara kwa mara, wote wana mahitaji ambayo ratiba ya basi haiyakidhi kwa urahisi.

Vilevile, wapo wanaoishi mbali na kituo. Anayelazimika kuchukua bodaboda au bajaji kila asubuhi na kila jioni anapaswa kujumuisha malipo hayo, pamoja na hatari zake, katika gharama ya usafiri wa umma. Katika baadhi ya maeneo, malipo ya bodaboda huzidi nauli ya basi yenyewe.

Kati ya kuuza na kununua

Chaguo halikomei kwenye kuwa na gari au kutokuwa nalo. Baadhi ya familia hubaki na gari moja badala ya mawili, wakilitumia mwishoni mwa wiki, kwa dharura na kwa safari za nje ya jiji, huku safari ya kazini ikifanywa kwa basi. Wengine hukodi teksi kwa siku chache za mvua au mizigo na kuendelea na basi kwa siku zilizobaki. Kwa mfano uliotolewa, tofauti ya mwezi inatosha kulipia safari kadhaa za aina hiyo na bado akiba ikabaki.

Mahali pa kuishi ni sehemu ya hesabu hiyo. Nyumba ya kodi nafuu iliyo mbali na njia ya mabasi inaweza kuwa ghali zaidi ya nyumba iliyo karibu na kituo, endapo inamlazimu mpangaji kumiliki gari. Anayetafuta nyumba anashauriwa kujumlisha kodi ya pango na gharama ya usafiri kabla ya kulinganisha.

Uamuzi wa mmoja na barabara ya wote

Basi refu la mwendokasi, lenye urefu wa mita 18, linaweza kubeba takribani abiria 150. Abiria hao wakisafiri kila mmoja kwa gari lake, na kila gari likachukua mita 7 za barabara pamoja na nafasi ya mbele yake, watahitaji mstari wa magari wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo, kila anayehamia kwenye gari huongeza kidogo muda wa wenzake barabarani, wakiwemo wenye magari.

Hata hivyo, mwananchi hawezi kutakiwa kuacha gari kwa ajili ya manufaa ya wengine pekee. Ataliacha pale basi litakapokuwa la kutegemewa. Wajibu huo ni wa mamlaka na watoa huduma: mabasi ya kutosha katika saa za msongamano, vituo salama, na utaratibu wa tiketi usiomchelewesha abiria. Abiria naye ana haki ya kutozwa nauli iliyotangazwa, kupewa tiketi, na kuwasilisha malalamiko LATRA au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini.

Kabla ya kuamua

Mwananchi anayefikiria kununua gari anashauriwa kutumia mwezi mmoja kuandika mambo manne kila siku: muda wa kutoka nyumbani, muda wa kufika kazini, fedha yote aliyotumia njiani, na siku ambazo usafiri ulimwangusha. Mwisho wa mwezi, aandike pembeni gharama zote za gari, kuanzia kushuka kwa thamani hadi maegesho, kisha agawanye tofauti kwa saa anazotarajia kuokoa.

Ikiwa bado ataona gari linamfaa, atalinunua akijua gharama yake halisi, na atapanga akiba ya bima na matengenezo tangu mwanzo. Ikiwa ataona halimfai, fedha ambayo ingeingia katika tangi la mafuta itabaki katika matumizi ya familia yake.